Jina na Ndoa: Mwalimu wa Ugenini Berlin, Tokyo na Lamu

Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kuhusu desturi za watu wa pwani yetu: uzazi, unyago, harusi, mazishi, uganga, deni na dhamana. Jina lililowekwa mbele lilikuwa la Mjerumani, Carl Velten. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kiliachana na mwalimu wake wa fasihi ya Kiingereza, Lafcadio Hearn, na wanafunzi wake wakalalamika wakitaka abaki. Na huku kwetu, Lamu, katika upande wa Langoni, sharifu mmoja aliyetoka Ngazija, Swaleh bin Alawi Jamalil-Layl, aliyejulikana zaidi kwa jina la Habib Swaleh, alikuwa akisomesha watu ambao waungwana wengi wa mji hawakuzoea kuwaona wakikaa kwenye darsa: watumwa na waliokuwa watumwa, mafukara na wageni.

Nimeviweka visa hivi pamoja kwa sababu vyote vitatu vinahusu jambo moja ambalo siku hizi tunalizungumza kana kwamba limeanza juzi, yaani mwalimu anayeishi na kufundisha nchi isiyo yake. Mazungumzo hayo huishia haraka kwenye mshahara, baridi, chakula na foleni ya viza. Sikatai uzito wa mambo hayo. Ila mshahara huonyesha tu jinsi mwenyeji alivyo na haja, na mtu mwenye haja kubwa anaweza kumlipa vizuri sana mtu asiyemheshimu. Mimi natumia vipimo viwili vingine. Cha kwanza ni jina: yale aliyoyafundisha mgeni yanabaki kwa jina la nani? Cha pili ni ndoa: akioa au akiolewa huko, wenyeji wanafanya nini?

Tuanze Berlin. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa mwaka 1887, wakati Ujerumani inajiandaa kutawala nchi ambazo maafisa wake hawakuweza kuzungumza na watu wake. Kiswahili kilikuwa kati ya lugha za mwanzo kufundishwa. Wanafunzi walikuwa maafisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa njiani kuja Afrika Mashariki. Kazi iligawanywa hivi: mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi, na mwenyeji wa lugha alisoma, akatamka, akazungumza na wanafunzi na kuwaandikia matini ya kusomea. Amur bin Nasur wa Zanzibar aliifanya kazi hiyo kuanzia 1891 hadi 1895, na habari alizoandika kuhusu safari yake zimo katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotolewa na C. G. Büttner mwaka 1894. Kwa hiyo tunayo maelezo ya Mzanzibari akiitazama Ulaya, yaliyoandikwa zamani zile ambapo Ulaya ndiyo iliyodhani kwamba ni yenyewe tu yenye macho ya kutazama.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha katika seminari hiyo. Alikuwa amesoma chuoni, anaijua dini na sheria yake, na anaijua pwani kwa namna ambayo haipatikani kwa kukaa miezi michache na daftari. Lakini nafasi aliyopewa haikuuliza anajua nini. Iliuliza anatamkaje. Tofauti hiyo ni nyembamba katika maandishi ya mkataba, ila ni pana mno katika maisha ya darasani. Mwalimu anayetakiwa kwa ujuzi wake husahihishwa kwa hoja, lakini anayetakiwa kwa ulimi wake hugeuka kielelezo, na kielelezo hakitarajiwi kuwa na maoni. Baadhi ya wanafunzi wake, watu waliokuwa wanakwenda kuwatawala jamaa zake, hawakuficha kwamba hawakupenda kufundishwa na mtu mweusi.

Sehemu kubwa ya kile kitabu cha 1903 ilitoka kwake. Velten, mwalimu wa Kijerumani katika seminari hiyohiyo, alikusanya, akapanga, akatafsiri kwa Kijerumani, na kazi hiyo si ndogo. Nisingependa tumfanye mwizi wa hadithini, maana bila yeye huenda tusingekuwa na kitabu chenyewe. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 1981, J. W. T. Allen alipokitafsiri kwa Kiingereza, ndipo jina la Mtoro likapanda jaladani. Yaani miaka 78, na Mtoro alikwishafariki mjini Berlin mwaka 1927.

Sasa ndoa. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na kazi yake Berlin haikudumu baada ya hapo. Mwaka 1905 wakapanda meli kuja kuishi kwao mume. Walipofika pwani, serikali ya kikoloni haikukubali mwanamke wa Kijerumani ashuke nchini kama mke wa Mwafrika. Mtoro angeweza kumwacha na kubaki kwao. Alirudi naye Ujerumani, akaishi kwa mihadhara na kwa kazi ya kufundisha lugha, pamoja na miaka ya 1909 hadi 1913 huko Hamburg. Ni kisa kinachopindua kila tunachodhani kuhusu ugeni. Mtu huyu alifunga ndoa huko ugenini, na mlango uliofungwa ulikuwa wa kwao, ukifungwa na wageni waliokuwa wamejifanya wenyeji.

Tokyo inaonekana kama kinyume cha Berlin, na kwa sehemu ndivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliajiri wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani: wahandisi, wanasheria, madaktari, walimu. Baadhi yao walilipwa kuliko mawaziri wa nchi. Ila Wajapani walipanga tangu mwanzo kwamba watu hao wataondoka. Waliwatuma vijana wao nje kusoma, na kijana aliporudi, mgeni aliyeshika nafasi hiyo alishukuriwa na kuagwa. Berlin ilimtaka mgeni kwa ulimi ambao Mjerumani hangeweza kuupata, kwa hiyo ilimhitaji daima ingawa ilimweka chini. Tokyo ilimtaka kwa ujuzi ambao Mjapani angeweza kuupata, kwa hiyo ilimweka juu, lakini kwa muda. Sioni kwamba moja ni ukarimu na nyingine ni ukatili. Nchi iliyoogopa kumezwa na mataifa yenye manowari ilikuwa na haki ya kukataa kuwategemea walimu wa mataifa hayohayo milele.

Hearn aliangukia katikati ya mpango huo. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama Mgiriki na baba wa Ireland, akawa mwandishi wa magazeti Marekani, kisha akafika Japani mwaka 1890. Kazi yake ya kwanza ya ualimu ilikuwa Matsue, mji wa pembeni wenye ngome ya kale na ziwa. Huko akaishi na Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliokuwa umefilisika. Baadaye akafundisha Kumamoto, na mwaka 1896 akaitwa Tokyo. Mwaka huohuo alichukua uraia wa Japani kwa kuingizwa katika daftari la ukoo wa mkewe, akawa Koizumi Yakumo. Sababu yake kubwa ilikuwa ya mzazi yeyote: alitaka akifa, Setsu na watoto wasinyang'anywe urithi.

Hapo ndipo vipimo vyangu viwili vinapogombana. Ndoa ilipokelewa na ukoo ukamfungulia daftari lake, jambo ambalo Mtoro hakulipata Berlin wala pwani. Lakini kwa kuwa Mjapani, Hearn alijiondoa kwenye kundi la wageni bila kuingia kamili kwenye kundi la Wajapani wanaorudi na shahada za Ulaya. Mwaka 1903 nafasi yake ilikwenda kwa Natsume Soseki, aliyekuwa ametoka London, ambako alikaa miaka miwili kwa fedha za serikali na kwa huzuni nyingi. Soseki naye, tukumbuke, alikuwa amefundisha shule ileile ya Kumamoto baada ya Hearn kuondoka. Hivyo mmoja alikuwa mgeni aliyependa kubaki, na mwingine mwenyeji aliyechukia ugeni wake, wakapokezana madarasa mara mbili. Mpango wa Meiji ulikuwa umefanya kazi sawasawa na ulivyokusudiwa, na ulimuumiza mtu aliyeamini kwamba haumhusu tena.

Kuhusu jina, Tokyo inashangaza zaidi. Hearn alifundisha kwa kusema polepole, kwa sentensi nyepesi, ili wanafunzi waandike neno kwa neno. Baada ya kifo chake mwaka 1904, mihadhara hiyo ilichapishwa Marekani kutokana na madaftari yao, na jina likabaki lake. Ebu tulinganishe: wanafunzi wa Tokyo waliandika maneno ya mwalimu wakayarudisha kwake, ilhali Berlin maneno ya mwalimu yaliandikwa yakaenda kwa mkuu wake.

Lakini Hearn mwenyewe alikuwa na Mtoro wake nyumbani. Kijapani chake hakikutosha kusoma vitabu vya kale. Hadithi za mizimu na maajabu zilizomjengea sifa, zikiwamo nyingi za kitabu chake *Kwaidan*, alizisikia kwa Setsu, aliyezitafuta, akazisoma, kisha akamsimulia usiku kwa lugha ya nyumbani waliyoibuni wao wawili. Jina la Setsu halikuwekwa jaladani. Sisemi kwamba Hearn alikuwa Velten. Alimpenda mkewe, aliwaza maisha yake baada ya kufa, na Setsu baadaye aliandika kumbukumbu zake kwa upendo mwingi. Nasema tu kwamba mwalimu wa ugenini huja kufundisha na hapohapo huwa mwanafunzi wa mtu fulani asiye na cheo, mara nyingi mke, mpishi au jirani, na huyo ndiye anayesahaulika kwa urahisi kuliko wote.

Mpaka hapa mgeni anaitwa na dola. Lamu hakukuwa na wizara, wala mkataba, wala tiketi ya kurudi. Habib Swaleh alikuja kwa njia ambayo walimu wa Bahari ya Hindi walikuwa wameitumia kwa karne nyingi. Ukoo wa Jamalil-Layl ulikuwa umetandaa kutoka Hadhramaut hadi pwani yetu na Ngazija, na Lamu alikuta jamaa zake wakisomesha. Lugha ya kwao ilikuwa ndugu wa Kiswahili. Alitafuta elimu kwa mashekhe wa hapo, akaanza kusomesha, na kuzunguka darsa zake ukakua msikiti na chuo cha Riyadha. Alifariki katikati ya miaka ya 1930, na leo wajukuu wake na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanafundisha. Maulidi ya Lamu, yanayowavuta watu kutoka kila upande wa pwani hii, yamejengeka juu ya usomaji wa Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Seiyun, Hadhramaut, na yaliyoenea hapa kupitia kwake. Hivyo kitu kinachoonekana leo kuwa ndicho cha Lamu hasa kilichukuliwa nje na mtu aliyetoka nje.

Hapa jina halikai jaladani. Linakaa katika ijaza, yaani idhini ya kusomesha ambayo mwalimu humpa mwanafunzi, na katika sanad inayotaja nani alisoma kwa nani hadi juu kabisa. Katika utaratibu huo ni vigumu kumwiba mtu jina lake, kwa sababu anayemfuta mwalimu wake anajifuta mwenyewe. Mwanafunzi anapata thamani kwa kutaja, wakati profesa wa Berlin alipata thamani kwa kutotaja sana. Na kuhusu kukaa, hakuna aliyeuliza muda wa mgeni umekwisha lini. Mithali yetu humwachia mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na jembe maana yake ni kazi pamoja na shamba la kuifanyia.

Msomaji wa Lamu, hata hivyo, atanicheka nikisema mlango wa mji wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ulifunguka kwa nasaba. Mtu aliyefika na ukoo unaofikishwa kwa Mtume alikuwa na barua ya kujitambulisha ambayo Mtoro hakuwa nayo Berlin na Hearn hakuwa nayo Matsue. Na katika ndoa, kanuni ya kafaa, ya kulingana kwa nasaba, ilimruhusu sharifu kuoa nje ya masharifu, ila kumwoza sharifa kwa mtu asiye sharifu lilikuwa jambo zito hata katika nyumba iliyomsomesha mtumwa bila kusita. Habib Swaleh alifungua darsa zaidi kuliko walivyopenda waungwana wa wakati wake. Mipaka ya ndoa ilibaki mahali pake. Kila mji una mahali unapouweka mlango na mahali unapouweka ukuta, na mgeni huvijua vyote viwili siku anapopeleka posa.

Karne ya 20 ilichanganya taratibu hizi kwa namna zake. Mpango wa walimu wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 1961 ulileta Wamarekani na Waingereza katika sekondari za Tanganyika, Uganda na Kenya, wengi wakipitia kwanza Makerere. Kwa nia ulifanana na ule wa Meiji: mgeni ajaze pengo mpaka mwenyeji ahitimu. Tofauti ni kwamba Japani ililipa yenyewe, sisi tulilipiwa kwa sehemu kubwa, na anayelipa hualikwa kutoa maoni kuhusu mtaala. Wanafunzi waliosoma chini ya walimu hao wanawakumbuka kwa mapenzi, na sina sababu ya kuwapinga.

Oman ilikuwa na shule tatu tu Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Walimu waliletwa kutoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu, na wakati huohuo wakaitwa Waomani waliozaliwa Zanzibar, wengi wao wakiwa wametawanyika baada ya mapinduzi ya 1964. Mmisri alikuja na Kiarabu fasaha, elimu ya ualimu na mkataba wenye mwisho. Mzanzibari alikuja na Kiingereza kizuri, Kiswahili cha nyumbani na mara nyingi Kiarabu cha kubabaisha, lakini kwa nasaba alipata pasipoti. Aliyeijua lugha alikuwa mgeni, na aliyekuwa anajifunza lugha alikuwa mwenyeji. Ni Lamu tena, ila safari hii na muhuri wa serikali.

Na Kiswahili chenyewe kimerudi Ujerumani na kwenda mbali zaidi, safari hii kikiwa na waandishi wenye majina. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyekuwa amefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi ya kisiasa, alifundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig tangu 1995 hadi 2011. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alifundisha Osaka, kisha Bayreuth. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliishia kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Botswana, nchi ambako wasomaji wa riwaya zake kwa lugha ziliyoandikiwa walikuwa wachache. Ukipima kwa jina, umbali kutoka kwa Mtoro ni mkubwa: wanafunzi wao walifundishwa na watu ambao vitabu vyao vilikuwa ndiyo somo. Ila katika vyuo vingi vya nje mgawanyo wa zamani ungalipo. Nadharia ni ya profesa, lugha ni ya mwalimu wa lugha, na mwalimu wa lugha ana saa nyingi zaidi na kiti cha chini zaidi.

Kijana wa Kitanzania au Mkenya anayekwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha anaingia katika mgawanyo huohuo. Anakaa mwaka mmoja wa masomo, anaongoza mazoezi ya mazungumzo, anapika pilau siku ya utamaduni, anaeleza mara nyingi kwamba Kiswahili kina fasihi ya karne kadhaa. Kwa kawaida huenda peke yake, bila mume, mke wala watoto, na viza ya namna hiyo huja na sharti la kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Sharti hilo lina mantiki, maana nchi iliyomtuma inataka ujuzi wake urudi. Hata hivyo ni Meiji iliyogeuzwa: Japani iliweka kikomo kuwalinda vijana wake dhidi ya wageni, na Marekani mgeni anawekewa kikomo ili asije akawa kijana wa huko.

Tusijitoe kwenye mizani hii. Shule za binafsi za Arusha, Mwanza na Dar es Salaam kwa miaka mingi zimewaajiri walimu kutoka Kenya na Uganda, kwa vibali vya kazi vyenye kikomo. Mitihani ya majaribio na vijitabu vya maswali wanavyotunga usiku hutoka kwa jina na nembo ya shule. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 ilimwandikia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haikumwandikia njia hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 haikutenganisha mume na mke: aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba anaweza kuomba. Mwalimu wa hisabati kutoka Kisumu aliyeoa Arusha, basi, anaendelea kuhuisha kibali chake, ilhali dada yake aliyekuja kufundisha shule hiyohiyo na akaolewa na mwalimu mwenzake Mtanzania anaweza kupeleka fomu Uhamiaji.